Kuku Mmoja, Nakala Tisa

Jumatatu, 12 Februari 2024

Asubuhi ukungu juu ya mto Lualaba. Ng'ambo haikuonekana hadi saa mbili. Baadaye jua kali.

Kuku ameanza kulalia. Mayai kumi na moja. Nimeyapa namba kwa kalamu ya risasi, 1 hadi 11. Hesabu: siku ishirini na moja, yaani yataanguliwa Jumatatu tarehe 4 Machi. Ijumaa tarehe 8, sikukuu ya wanawake, mama agronome, mtaalamu wa kilimo na mifugo wa shirika linalotufadhili, anakuja kutukagua. Vifaranga watakuwa na siku nne. Mpango hauna tundu.

Sababu ya mpango. Kikundi cha Mama Wafugaji wa Mikelenge kitapewa mashine ya kuangulia mayai, inayotumia jua, nafasi ya mayai sitini. Itawekwa nyumbani kwa mwanachama mmoja tu. Nyumba hiyo itaitwa Nyumba ya Mbegu, na kila mama atakwenda kuchukua vifaranga huko. Wagombea ni wawili: mimi, na Sharifa jirani yangu. Sharifa anafuga kuku wa kila rangi na kila umbo, na hana daftari hata moja. Mimi nina daftari saba.

Tena nina kuku huyu. Kahawia mwili mzima, shingo ya dhahabu, mpole, yai karibu kila siku wakati wa kutaga. Ni wa ukoo wa kuku ambaye mama yetu alimpata njiani kuelekea Kailo, mwezi wa kumi 1998, kwa kubadilishana na sufuria. Mayai ya kuku yule yalitulisha porini miezi mitano. Mama ameshafariki. Kuku wake yupo. Tangu wakati ule hatujaingiza kuku jike wa nje. Kwa hiyo huyu ni yuleyule.

Ninataka mashine ile ijae yeye.

Jumanne, 13 Februari

Mvua tangu alfajiri. Hakuna mteja hata mmoja kwenye duka langu la fotokopi.

Msingi wa kisayansi. Nimetoa sandukuni daftari langu la biolojia la darasa la tano la sekondari, 1998. Ijumaa ya mwisho kabla vita havijafika mjini, mwalimu alimaliza mitosi. Seli inanakili kila kilichomo ndani yake, inagawanyika, zinakuwa mbili, sawasawa kabisa na ile ya kwanza. Nilichora kwa rangi mbili. Kumi kwa kumi. Chini yake nimeandika kwa kalamu nyekundu: "Jumatatu: meiosi." Kisha kurasa tupu. Jumatatu ile hapakuwa na shule. Mwalimu alivuka mto, sisi tukashika njia ya Kailo. Niliporudi kumaliza masomo, mwalimu wa biolojia alikuwa bado hajapatikana. Saa zake alipewa padre mmoja mzee, akatufundisha Kilatini. Diploma nilipata. Somo lile lililokosekana halijanisumbua hata siku moja. Nadhani lilikuwa marudio.

Basi: yai ni seli. Seli hutoa nakala. Kuku hutoa nakala. Mimi ninaishi kwa nakala, nina mashine ya fotokopi tangu 2011. Hakuna mtu Mikelenge wa kunieleza nakala ni kitu gani.

Princesse, binti yangu, yuko darasa la sita la sekondari, biolojia na kemia. Anapinga. Anasema mitosi ni ya kukua na kuziba vidonda. Yai hutengenezwa kwa njia nyingine, na linabeba nusu tu. Nusu ya pili inatoka kwa jogoo. Nikamkumbusha kwamba jogoo ni wa katekista Bruno, anaruka ua, anakaa dakika tatu, anarudi kwao. Kiumbe wa dakika tatu hawezi kudai nusu.

Akasema kwa Kiswahili cha mtaani, ambamo "ndiyo" ni "njo": "Mama, hata kama njo sekunde moja."

Nikamtuma maji.

Jumamosi, 17 Februari

Mawingu, hakuna mvua. Joto la kunata.

Nimepima mayai kwa tochi ya simu. Namba 4 na namba 9 hayana kitu. Tisa yana mishipa. Tisa inatosha.

Nimeandika tangazo na kutoa nakala arobaini: "KUKU WA MAMA PRINCESSE. Rangi moja, tabia moja, tangu 1998. Akizaa tisa, tisa ni yeye." Nimetia sahihi na muhuri wa duka. Nakala moja nimemtumia mama agronome kupitia katibu wa kikundi, Béatrice. Béatrice aliuliza kama si vizuri kungoja kwanza vifaranga watoke. Nikamwambia mtu anayesubiri mashine imalize ndipo ajue nakala itafananaje, huyo hajui kazi.

Sharifa alichukua tangazo, akalisoma mara mbili, akafungia mikate ya mchele.

Jumatano, 28 Februari

Asubuhi baridi kidogo, jua baada ya saa nne.

Wiki iliyopita tulikuwa na mkutano kuhusu kitenge cha tarehe 8. Wote tumenunua cha aina moja. Nikapendekeza pia mshono uwe mmoja: mikono mifupi, shingo ya mraba, mkia wa samaki. Nimechora na kugawa nakala. Kila mama alisema ndiyo. Nimepita kwa fundi leo. Kati ya mama kumi na wanane, kumi na sita wameagiza mshono wao wenyewe. Mikono ya puto. Mgongo wazi. Mmoja ametaka mkoba na kofia. Mshono wangu umefuatwa na mtu mmoja tu.

Sharifa.

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya ngurumo hadi saa moja. Kisha kimya, harufu ya matope.

Wameanza kutoka saa kumi na moja alfajiri, kama ilivyoandikwa. Tisa kwa tisa. Ninaandika matokeo kwa utulivu.

Kahawia kama mama: watatu.
Mweusi: mmoja.
Mwenye mistari mgongoni: mmoja.
Shingo tupu kama ya tai, kama jogoo wa Bruno: mmoja.
Mwenye manyoya hadi kwenye vidole vya miguu, kama amevaa soksi: mmoja.
Madoadoa: mmoja.
Mweupe, karibu na rangi ya maziwa: mmoja.

Nimeangalia tena namba kwenye maganda. Ni mayai yangu.

Princesse alichuchumaa karibu na kikapu muda mrefu. Sikumwuliza maoni. Akayatoa. Alisema njo kama alivyosema mwalimu wao Blaise, darasa lote likadhani anatia chumvi. Nikamwambia sababu ni ngurumo. Akasema ngurumo haioteshi manyoya miguuni.

Saa nne Sharifa alichungulia juu ya ua. Alicheka hadi akashika nguzo. "Philo, watoto wako bamevaa kama wageni wa ndoa! Kila muntu na nguo ya kwao!"

Siku nne zimebaki. Nakala arobaini ziko mikononi mwa watu.

Jumanne, 5 Machi

Jua tangu asubuhi.

Nimefikiria kuwapaka rangi ya kahawa. Nimejaribu kwa yule wa madoadoa. Amekuwa wa madoadoa na kahawa. Nimeacha.

Nimefikiria kusema sita wamekufa. Lakini Sharifa amewaona, na kwa Sharifa habari hailali.

Saa tisa mchana nimepata njia. Kuku wa Sharifa ameangua siku moja na wangu, vifaranga kumi na wanne, mchanganyiko wa sokoni. Nimehesabu kupitia tundu la ua: kahawia ni saba. Ninahitaji sita. Sharifa anapenda rangi. Nitamfanyia hisani.

Jumatano, 6 Machi

Mawingu mazito, mvua haikushuka.

Nimekwenda kwa Sharifa na kikapu na sura ya ukarimu. Nilimwambia nimeona anavyowafurahia wanangu wale wa rangi, na jirani ni jirani hata wakati wa uchaguzi. Wangu sita kwa kahawia wake sita, basi.

Akaniangalia. Akaangalia kikapu. Akauliza kama kahawia wake wana ugonjwa ambao mimi nimeuona na yeye hajauona. Nikasema hapana. Akauliza kama wangu wana ugonjwa. Nikasema hapana. Akauliza basi mimi ndiye nina ugonjwa? Kisha akamchukua yule wa soksi, akamweka kwenye kiganja, na biashara ikaisha. Alitaka tu nijue kwamba yeye haelewi.

Sasa nina tisa kahawia. Sawasawa. Nimewapanga mstari na kuwapiga picha kwa simu. Picha nzuri sana.

Jumapili nitaungama kwa Padre, lakini si kila kitu. Kubadilishana si wizi.

Alhamisi, 7 Machi

Ukungu. Baadaye mvua nyepesi.

Tatizo dogo. Kuku wangu hawataki wale sita wa Sharifa. Anawadonoa vichwani. Wale watatu wake wanaingia chini ya bawa, wale sita wanakaa nje kama watu wanaosubiri mlango wa ofisi. Nimewaficha wote gizani chini ya beseni, nimempaka kuku mawese puani asinuse. Kuku hatambui watoto kwa kunusa, anasema Princesse, anatazama na kusikiliza. Nimepoteza mawese.

Kwa Sharifa hali ni hiyohiyo. Kuku wake naye amewakataa wangu. Sharifa amewaweka kwenye katoni na chupa ya maji ya moto. Alisema kupitia ua kwamba hawalali, wanalia usiku kucha. Alisema kwa sauti ya chini, bila utani.

Kuku wangu alikuwa amesimama karibu na ua. Anasikiliza upande ule.

Nitamfunga mguu kwa uzi kesho.

Ijumaa, 8 Machi

Anga safi, upepo kutoka mtoni.

Ninaandika kwa mpangilio wa matukio.

Saa tatu. Uwanja wa kanisa. Mama kumi na wanane kwenye kitenge kimoja na mishono kumi na saba. Mimi na Sharifa tu tuko sawa, hadi mkia wa samaki. Watu walituita mapacha. Mama agronome anaitwa Nathalie, mwanamke mdogo, viatu vya mpira, tangazo langu mkononi. Sikutegemea aje nalo.

Saa nne. Sharifa alizungumza kwanza. Dakika mbili. Alisema mwaka jana kideri, ugonjwa unaofagia kuku, kilipopita kilimwachia kuku saba kati ya ishirini, na hakujua kwa nini hao saba, hawakufanana hata wawili. Akaonyesha kuku wake na vifaranga, kisha katoni yenye wale sita. Akakaa. Hotuba isiyo na muundo.

Saa nne na robo. Mimi. Nilianza na 1998. Nilieleza njia ya Kailo, sufuria, porini, miezi mitano, yai moja lililogawanywa watu watatu. Mama wengine walifuta macho. Nikasema: kuku yule alikuwa kahawia, shingo ya dhahabu, na leo mtamwona tena.

Sauti ikatoka nyuma: "Hapana, Philo. Ile kuku ilikuwa nyeupe."

Kaka yangu mkubwa, Rémy. Anatengeneza baiskeli karibu na soko, alikuja kwa ajili ya chakula. Nikamwambia kwa heshima kwamba yaya, ndivyo tunavyomwita mkubwa wetu, amesahau. Akasema asahau namna gani, kikapu alikibeba yeye. Kuku mweupe porini anaonekana mbali, na askari walikuwa wanapita. Basi Mama alimwagiza ampake matope kila alfajiri. "Wewe ulikuwa unaamka wa mwisho kila siku, ulikuwa unamukuta amekauka tayari. Mimi njo nilikuwa namupaka. Mikono yangu ilikuwa na harufu ya kuku miezi tano!"

Watu walicheka sana. Nilisema matope ni kitu kimoja na rangi ni kingine. Sijui nilimaanisha nini. Nikafungua kikapu ili kuku ajieleze mwenyewe.

Uzi ulikatika.

Kuku alipita katikati ya viatu vya mama agronome, akapita kwa Sharifa, akaruka ndani ya katoni. Akawaita. Wote sita wakaingia chini yake kwa mara moja: mweusi, mistari, shingo tupu, soksi, madoadoa, mweupe. Akashusha mabawa, akafumba macho. Wale kahawia wangu sita hata hakuwatazama.

Mama Nathalie akapiga magoti mbele ya katoni. Alifurahi kupita kiasi. Mama mmoja, watoto sita, na kila mmoja na umbo lake! Akasema hiki ndicho alichokuwa anatafuta toka Kibombo hadi hapa. Ugonjwa ukiingia katika kundi la kuku wanaofanana, unawazoa wote. Ukikuta kila mmoja ameumbwa kivyake, lazima wengine wabaki. Nyumba ya Mbegu inataka kuku kama huyu. Akainua kichwa: kuku huyu ni wa nani?

Ilikuwa nafasi yangu. Neno moja tu. Lakini mkononi mwake kulikuwa na karatasi yenye sahihi yangu na muhuri: "Akizaa tisa, tisa ni yeye." Nilifikiri kwa sekunde nane. Nikasema simfahamu.

Katekista Bruno, aliyekuwa amekaa karibu nami, akaniuliza polepole kama nina mpango wa kumkana mara tatu.

Sharifa akasimama. Akasema kuku ni wa Mama Princesse, watoto hao sita pia ni wake, tulibadilishana Jumatano, na hata sasa yeye hajui kwa nini. Akasema hivyo kwa roho nzuri kabisa. Ningependelea angesema kwa ubaya.

Rémy alikuwa amesogea kwenye katoni. Hakucheka tena. Alikuwa anamtazama yule mweupe, aliyetoa kichwa kwenye manyoya ya mama yake. Akasema: "Philo, njo ile. Njo ile kabisa." Akavua kofia. Kwa kifaranga!

Saa sita. Kura. Sharifa kumi na sita. Mimi mbili. Moja ni yangu. Ya pili ninaichunguza.

Jumamosi, 9 Machi

Mvua ya asubuhi, jua la mchana, mvua tena.

Sikufungua duka. Saa tano Sharifa alikuja na ile katoni, kuku ndani na sita wote. Alisema hawezi kutenganisha mama na watoto, dini yake haimruhusu na moyo pia. Akawachukua kahawia wake. Akasema kura ya pili ilikuwa yake. Nikamwuliza kwa nini mgombea ampigie mpinzani wake. Akajibu kwamba aliona mshono wangu ukikosa hata mtu mmoja wa kuufuata, akasikitika, na alipoanza kusikitika hakujua pa kuishia.

Nimekasirika sana. Nimempa chai.

Mchana Princesse alinieleza meiosi, toka mwanzo. Nimeandika kwenye zile kurasa tupu, chini ya kichwa cha habari. Imechukua miaka ishirini na mitano na miezi mitano, lakini hakuna ukurasa uliopotea.

Alitumia vitenge. Alisema kila seli ya mwili ina vitenge viwiliviwili: kimoja umepewa na mama, mwenzake umepewa na baba. Kwa kuku jozi ni thelathini na tisa. Kwanza vitenge vyote vinanakiliwa, kama kwangu dukani, na nakala inabaki imeshonwa kwenye asili yake. Mpaka hapo nilikuwa sahihi. Kisha wawili wa jozi wanakaa pamoja, cha mama na cha baba, wanafanya kama wanawake wawili sokoni walionunua kitenge cha kugawana: nikatie kipande chako, nikukatie changu. Wakiachana, hakuna aliyerudi na kitenge alichokuja nacho. Kisha seli inagawanyika: kila jozi inatengana, na kila jozi inapiga bahati yake, hiki kulia, kile kushoto, bila kuuliza jozi ya jirani imekwenda wapi. Kisha inagawanyika tena, nakala na asili zinaachana. Mwisho yai lina kimoja kimoja tu. Nusu.

Nikauliza kwa nini nusu, huo ni ubahili. Akasema bila hivyo, jozi thelathini na tisa zingekuwa mara mbili kwa mtoto, mara nne kwa mjukuu, na mpaka vita vile vinaisha kuku asingeweza kusimama kwa uzito wa vitenge. Jogoo naye analeta nusu yake, iliyochanganywa hivyohivyo. Ndiyo maana hakuna ndugu wawili sawa, ila mapacha wa yai moja.

Na mweupe? Akasema weupe wa aina hii ni kitenge kinachokaa chini kabisa ya sanduku. Kuku anaweza kukibeba bila kukivaa kamwe, akampa mwanawe, naye akampa mwanawe. Siku jogoo mwenye kitenge kama hicho sandukuni anapokutana na kuku mwenye nacho, na yai likapata vyote viwili, kinavaliwa. Kuku wa porini hakupotea. Alikuwa anapita kimyakimya, miaka yote, ndani ya kuku kahawia niliokuwa nawaandika kwenye daftari saba.

Princesse akauliza kama ninalia. Nikasema ni moshi wa jiko la Sharifa.

Rémy alipita jioni kumwona yule mweupe. Alileta mchele kiganjani, ameusaga kwa meno yake.

Jumapili, 10 Machi

Ukungu hadi misa ya pili. Kisha jua safi, karibu bila joto.

Akili imetulia. Nimekagua makosa yangu yote, moja baada ya jingine. Nimekuta ni moja tu.

Rangi.

Njia ilikuwa sahihi, asili ndiyo ilikosewa. Nilitoa nakala ya kuku aliyepakwa matope. Sasa najua asili ni nyeupe, na ninaye hapa kikapuni. Kinachobaki ni kumkuza na kumfanya atage hadi atoe yeye mwenyewe mzima, bila kupungukiwa hata unyoya. Princesse alisema bado hatujui kama ni jike. Nimeandika jike.

Alisema pia haiwezekani, akanipa hesabu. Kwa bahati ya jozi peke yake, bila vile vipande vya kukatiana, kuku mmoja anaweza kutengeneza aina 549,755,813,888 za mayai. Alidhani namba itanikatisha tamaa. Hakumjua mama yake. Kitu kisicho na mwisho ndicho cha kuogopa. Hiki kina mwisho, kinaandikika, kina tarakimu kumi na mbili. Nimegawanya kwa mayai mia mbili kwa mwaka: miaka bilioni mbili na milioni mia saba arobaini na nane, na ushei. Akasema jogoo naye ana idadi yake, inabidi kuzidisha. Jogoo tutamjadili baadaye. Nikamwuliza wapi imeandikwa kwamba yai ninalolitaka litakuwa la mwisho. Linaweza kuwa la tatu. Aliweka mikono kichwani, akaenda kwa Sharifa.

Mashine iko kwa Sharifa, imewekwa leo mchana, na ameniambia mayai yangu yatapata nafasi wakati wowote. Ananihurumia bado. Nitaitumia huruma hiyo kwa utaratibu. Nimechora jedwali: namba ya yai, tarehe, rangi, shingo, miguu, tabia, na safu ya mwisho: "Ni yeye? Ndiyo / Hapana." Mistari thelathini kwa ukurasa. Daftari saba hazitoshi. Nimeagiza kumi na mbili kwa kuanzia.

Nimeandika pia tangazo la mwaka ujao. Nimechukua lile la zamani, nikabadilisha neno moja: "Rangi moja" sasa ni "Rangi nyeupe". Nakala arobaini, kisha nikaongeza kumi, wino ulikuwa mzuri leo. Moja nimeiingiza chini ya mlango wa Béatrice kabla giza halijaingia.

Ninalala saa tatu na dakika ishirini usiku.